Kompyuta Imechoka, au Meza Imejaa?



Juma hili tuache kidogo habari za jikoni na za shamba, tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za mji wetu, yaani kompyuta mpakato.

Morogoro, mji kasoro bahari, ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko miguuni pa mlima. Mzumbe iko njia ya Iringa, Jordan iko upande wa Kola, na Chuo Kikuu cha Waislamu kipo papa hapa mjini. Ndiyo sababu kuna simu moja ambayo wazazi wengi wamekwisha kuipokea. Mtoto husema: "Shikamoo baba. Kompyuta yangu imekuwa nzito mno. Nikiiwasha naweza kunywa chai kikombe kizima kabla haijakaa sawa. Utafiti wangu unatakiwa mwisho wa mwezi. Naomba nyingine." Na huku Uluguru, ambako mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, simu ya pili huenda kwa mjomba. Basi baba huanza kutazama migomba, mjomba hutazama mbuzi, na mama hutazama daftari la kikoba.

Nami nasema: ngojeni kwanza. Kabla hamjamfungua mbuzi kamba, ifungueni kompyuta. Mara nyingi chombo hicho hakijazeeka. Kimekosa nafasi ya kufanyia kazi tu, na nafasi hiyo huongezwa kwa kipande kidogo kuliko kidole cha shahada kwa urefu, kwa kutumia bisibisi, katika muda wa nusu saa. Kipande hicho ndicho kiitwacho ramu.

Ramu ni kitu gani?

Nenda asubuhi Soko Kuu la Chifu Kingalu ukamtazame mama muuza mboga. Ana meza mbele yake, na ana stoo nyuma. Mboga zilizoshuka kutoka Mgeta na Nyandira zimejaa stoo, lakini mteja hauziwi kilicho stoo. Huuziwa kilicho mezani. Meza ikiwa pana, karoti, kabichi na njegere zote zapata mahali, na mkono wa mama wafika mara moja. Meza ikiwa ndogo, mteja wa njegere akija, yule mama hana budi kuondoa kabichi, aende nayo stoo, arudi na njegere. Akija mteja wa kabichi, safari yaanza upya. Wateja hununa. Lakini mama huyo si mvivu, wala stoo yake si tupu. Kosa ni la meza.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Stoo ni diski, ambamo barua, picha na vitabu vyako vimewekwa. Mama ni prosesa. Meza ni ramu. Kila programu unayoifungua hutolewa stoo na kuwekwa mezani. Meza ikijaa, kompyuta huanza kwenda na kurudi stoo, nawe waona gurudumu likizunguka tu juu ya kioo.

Tena kumbuka jambo hili: umeme ukikatika, au betri ikiisha, meza hufagiliwa yote. Kilichohifadhiwa stoo hubaki. Kilichokuwa mezani hupotea. Ndiyo sababu mwanafunzi anaandika kurasa 3 bila kuhifadhi, umeme unakatika, naye analia.

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Mtu husema, "Kompyuta yangu ina kumbukumbu kubwa, GB 500." Hiyo ni stoo. Ukimwuliza meza yake ni GB ngapi, atasema hajui, na huenda ni 4 tu.

Zamani mambo haya hayakuwa ya watu wa nyumbani. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikaa miaka mingi. Leo chombo chenye nguvu kupita zile za Wizara chaweza kukaa mapajani mwa binti yako chini ya mwembe. Basi yafaa tukijue, kama tulivyojifunza kuijua baiskeli na cherehani.

Pima kabla ya kutibu

Si kila kompyuta nzito ina njaa ya ramu. Daktari mwema hapimi kwa macho. Fanya hivi.

Washa kompyuta, fungua kazi zako zote kama siku ya kawaida. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika Windows 10 au 11 litafunguka dirisha. Chagua neno "Performance", kisha "Memory". Hapo utaona meza yako ni GB ngapi, na imejaa kwa asilimia ngapi. Ikiwa katika kazi za kawaida imepita asilimia 85 au 90, basi meza ni ndogo kweli.

Lakini ikiwa ramu imejaa nusu tu, na neno "Disk" laonyesha asilimia 100 dakika nyingi, usinunue ramu. Ugonjwa uko stoo. Diski za zamani zina sahani inayozunguka kama santuri, nazo ni za polepole. Ukiibadili kwa diski ya SSD, isiyo na kitu cho chote kinachozunguka, utaona ajabu kubwa kuliko ramu yenyewe. Na ikiwa kompyuta yapata moto na feni yalia sana, huenda ni vumbi tu. Vumbi letu jekundu hupenda kukaa ndani ya feni.

Je, yafaa GB ngapi? Kwa kuandika, kusoma na kutafuta habari katika intaneti, GB 8 zatosha. Mwanafunzi wa misitu anayechora ramani, au wa takwimu mwenye hesabu kubwa, na awe na GB 16. Zaidi ya hapo, kwa mtu wa kawaida, ni kununua meza ya watu ishirini kwa nyumba ya watu watatu.

Je, yako yakubali kuongezwa?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa hiyo twende polepole.

Jambo la kwanza. Kompyuta nyingine ramu yake imelehemiwa juu ya ubao wenyewe, haitoki wala haiongezwi. MacBook Air zote ni hivyo. Nyembamba nyingi za siku hizi ni hivyo. Hata ThinkPad X1 Carbon ni hivyo. Katika dirisha lile lile la "Memory" tafuta maneno "Form factor". Ikiwa imeandikwa "SODIMM", ramu yako yatoka. Ikiwa imeandikwa "Row of chips", imelehemiwa. Usiifungue kwa ajili ya ramu. Maneno "Slots used" yatakuonyesha nafasi zilizotumika. Ukiona 1 of 2, shukuru: nafasi moja iko wazi yangoja.

Jambo la pili. Ramu zina vizazi, na kizazi kimoja hakiingii mahali pa kingine. DDR3 ilianza mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na DDR5 ilitangazwa mwaka 2020. Tazama meno yake ya dhahabu: kati ya meno kuna pengo, na pengo la kila kizazi liko mahali pake. Ramu ya mpakato ya DDR3 ina meno 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262. Ikikataa kuingia, usilazimishe.

Jambo la tatu. DDR3 ni za namna mbili: DDR3 yenyewe hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Pengo lao ni moja, kwa hiyo zaingia mahali pamoja, lakini mashine zilizotengenezwa kwa DDR3L mara nyingi hukataa kuwaka zikipewa ile nyingine. HP EliteBook 840 G1 na G2, ambazo ni nyingi katika maduka ya mitumba, hutaka DDR3L. G3 hutaka DDR4. Waona? Ndugu wa jina moja, lakini hawali chakula kimoja.

Jambo la nne. Kila mashine ina kikomo chake. EliteBook 840 G1 hukomea GB 16. G3 hufika GB 32. Kitabu cha matengenezo cha kila mashine hutolewa bure katika intaneti na HP, Dell na Lenovo. Andika jina la mashine lililo chini ya mgongo wake, ukitafute kitabu hicho, usome ukurasa wa ramu. Tena angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiipa 16.

Na jambo la tano, nalo ni la kusema wazi. Windows 10 ilikoma kutunzwa na wenyewe Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai prosesa za karibuni. ThinkPad T480 yakubalika, EliteBook 840 G3 haimo katika orodha yao. Ramu haiwezi kubadili hilo. Mashine ya zamani yaweza kupewa Linux, kama Ubuntu au Mint, ambazo ni za bure, na ikafanya kazi miaka mingine. Lakini usimdanganye mtoto kwamba ramu itaifanya kompyuta kuwa mpya kwa kila kitu.

Kununua

Kompyuta nyingi tunazotumia ni mitumba. Zilitumika ofisini Ulaya au Marekani, zikapitia Dubai, zikafika Kariakoo, ndipo zikapanda huku. Na ramu nazo ni hivyo hivyo. Ramu iliyotumika si mbaya, maana haina kitu kinachozunguka wala kusagika. Ila usinunue gizani.

Nenda dukani na mashine yenyewe, au na ramu ya zamani mkononi. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Utaona mathalani "8GB 1Rx8 PC4-2400T". Namba ya kwanza ni ukubwa. PC4 maana yake DDR4. PC3 ni DDR3. PC3L ni DDR3L. Namba 2400 ni mwendo. Ukichanganya mwendo wa namna mbili, zote mbili hutembea kwa mwendo wa ile ya polepole, kama watu wawili waendao Bigwa kwa miguu wameshikana mikono. Si vibaya. Lakini mbili zilizo sawa ni bora, maana prosesa huzitumia zote kwa wakati mmoja.

Juu ya bei nawaambia neno moja. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 ramu zimepanda bei duniani kote. Wenye viwanda vikubwa ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, nao chipu zao nyingi huenda kwa mashine kubwa za akili mnemba. Kwa hiyo ukiambiwa bei iliyozidi ile ya mwaka juzi, usidhani mara moja kwamba mwenye duka ni mwizi. Uliza maduka mawili matatu. Lakini ukiona bei ya kushangaza kwa udogo, hapo ndipo pa kuogopa. Dai risiti, na patana kwamba isipowaka utairudisha.

Kazi yenyewe

Sasa tufanye kazi. Chagua saa ya mchana yenye mwanga wa kutosha, na meza isiyo na kitambaa cha nailoni. Watoto wadogo wakacheze nje.

1. Nakili kwanza kazi zote za maana katika flashi au diski ya nje. Kuongeza ramu hakugusi stoo, lakini mwenye busara hufunga mlango hata kama hajaona mwizi.

2. Zima kompyuta kabisa, si kuilaza. Katika Windows shikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua "Shut down". Chomoa chaja na kila waya.

3. Toa betri. Ikiwa iko nje, kama katika Dell Latitude za zamani, sukuma vibanio vyake itoke. Ikiwa iko ndani, itabidi kwanza ufungue mfuniko, kisha uchomoe waya wake taratibu kabla ya kugusa kitu kingine. ThinkPad nyingi zina amri ndani ya BIOS ya kuizima betri ya ndani. Itumie kabla ya kufungua. Betri ikiisha kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.

4. Geuza mashine juu ya kitambaa safi cha pamba. Fungua skrubu za chini kwa bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, maana iliyo kubwa au ndogo hula vichwa vya skrubu. Chora umbo la mfuniko katika karatasi, na kila skrubu uiweke mahali pake juu ya mchoro. Ndefu na fupi hazibadilishani. Ndefu ikiingia mahali pa fupi yaweza kutoboa ubao. Kuachanisha mfuniko usitumie kisu. Tumia kadi ya plastiki, kama ile iliyokuja na laini ya simu.

5. Kabla ya kushika ramu, gusa chuma kisichopakwa rangi. Mwili wa mtu hubeba umeme tuli, mdogo hata hausikii, lakini waweza kuua chipu. Wakati wa masika hewa ikiwa na unyevu hatari hupungua. Wakati wa ukavu huongezeka. Usivae sweta ya sufu, wala usisimame juu ya zulia.

6. Ramu utaiona: kipande cha kijani au cheusi, kimelazwa, kimeshikwa na vibanio viwili pembeni. Sukuma vibanio nje kwa kucha, upande mmoja na wa pili kwa pamoja. Ramu itajiinua yenyewe. Ivute kwa kuishika kingo, usiguse meno. Mashine chache za zamani, kama ThinkPad T420, zina nafasi moja chini na nyingine chini ya kibodi. Hiyo ya pili mwachie aliyezoea.

7. Ingiza mpya imeinama kidogo, kama nyuzi 30, pengo likielekeana na ulimi wa nafasi yake. Isukume mpaka meno yote yamezama, uone mstari mmoja ulionyooka. Kisha ilaze chini mpaka vibanio viseme "ka!" Sauti hiyo ndiyo jibu lako.

8. Rudisha waya wa betri, mfuniko, na skrubu. Hesabu skrubu. Ikibaki moja mkononi, usiseme "haidhuru."

Ikiwaka, na isipowaka

Washa. Mara ya kwanza kioo chaweza kukaa cheusi muda kidogo kuliko kawaida, maana mashine yaipima ramu mpya. Usiizime kwa hofu. Ngoja dakika mbili au tatu. Ikiisha kuwaka, rudi katika dirisha lile la "Memory" uone kama hesabu imetimia. Kisha tafuta programu iliyomo ndani ya Windows iitwayo Windows Memory Diagnostic, uiache ipime. Ramu mbovu huharibu kazi kimya kimya, na kosa lake huonekana siku ya kurudisha utafiti.

Isipowaka, au ikilia "pip, pip", usipatwe na kiwewe. Mara nyingi ramu haikuzama sawasawa. Zima, toa betri tena, itoe ramu, uirudishe kwa nguvu ya kiasi. Ikikataa, jaribu ile ya zamani peke yake. Ikiwaka kwa ya zamani, mashine yako ni nzima. Rudisha mpya dukani na risiti yako.

Neno juu ya fundi

Mwingine atasema, "Mimi mikono yanitetemeka, nitampelekea fundi." Si aibu. Fundi naye ana watoto. Lakini kabla ya kumpa, andika katika karatasi: ramu GB ngapi, vipande vingapi, diski GB ngapi. Piga picha ya dirisha la "Memory". Mwonyeshe karatasi hiyo kwa adabu, na ukiweza kaa hapo mpaka amalize. Kuna mashine ziliingia dukani na vipande viwili, zikatoka na kimoja, na mwenyewe hakujua ila kwamba "siku hizi imekuwa nzito." Mtu asiyejua kilichomo ndani ya mzigo wake hawezi hata kushtaki. Fundi mwema hachukii kutazamwa. Tena hufurahi, maana mteja ajuaye hamsingizii.

Na kile kipande cha zamani? Usikitupe, wala usikichome pamoja na taka. Moshi wa mbao za namna hiyo ni sumu, na majivu yake hushuka mtoni ambako wenzetu wanafua. Kiuze, au mpe kijana jirani mwenye GB 2, ambaye kwake hicho ni utajiri.

Sasa, baba, mama, na wewe mjomba, pigeni simu kwa mtoto jioni hii. Msimwulize kwanza kompyuta mpya ni shilingi ngapi. Mwulizeni hivi: "Meza yako ni GB ngapi, na nafasi ngapi ziko wazi?" Akishindwa kujibu, mwambieni aende akatazame kisha apige tena. Mtoto akifunzwa kutazama kabla ya kuomba, mbuzi huyo anaweza kungoja ada ya mwaka ujao.

Kwa herini mpaka juma lijalo.